Mke wa Mshtakiwa, Dada wa Shahidi

Kishada alipiga simu ya video Jumapili, kama alivyozoea kila wiki. Dada yake akaiegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya nywele ili aendelee kufumua rasta zake huku wakizungumza. Jina la Kishada alipewa na mtaa, kwa urefu na wembamba wake, na kwa sababu tangu utotoni hakukaa mahali pamoja. Sasa alikuwa nchi ya mbali, alikokwenda kufanya kazi ya kupokea simu za wateja kwenye kampuni kubwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe, ule ule wa kila Jumapili. Alivaa shati la kola, akasema kazi nzuri, chakula kizuri, bosi mzuri.

"Mbona umekonda?" dada akamuuliza.

"Hali ya hewa tu." Halafu, alipokuwa anaaga, akasema, "Msalimie mama. Mwambie apunguze chumvi, presha itampanda."

Simu ikakatika.

Dada mtu akabaki ameshika kitana hewani. Mama yao alikuwa amekufa zamani, na Kishada alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Mwanamke huyo alikuwa na saluni ndogo mbele ya nyumba, na watu wote walimwita Msusi. Aliweka kitana chini, akamfuata mumewe uani. Mume alikuwa amechuchumaa, anabadilisha mpira wa bomba lililokuwa likivuja. Yeye aliitwa Dalali. Kwa miaka mingi alikuwa akiwatafutia watu vyumba vya kupanga, na siku za karibuni alianza kuwatafutia vijana kazi za nje. Ni yeye aliyempatia Kishada kazi ile.

"Amesema nimsalimie mama," Msusi akamwambia.

"Mama gani?"

"Mama yetu. Marehemu."

Spana iliteleza mkononi mwa Dalali ikagonga saruji. Akaiokota. "Uchovu huo. Mtu anazungumza na wateja kutwa nzima, ulimi unateleza. Mimi juzi nilimwonyesha mtu chumba, nikamsifia dirisha wakati hakina dirisha."

Msusi akacheka, kwa sababu Dalali alikuwa na namna ya kusema mambo ukacheka hata kama hukutaka. Ila alipoingia ndani kicheko kilikuwa kimeshamwisha, na hakujua kwa nini.

Jambo hilo lilimkaa kooni wiki nzima. Mwishowe akamsimulia mteja wake mmoja, mama wa makamo ambaye saluni walimbatiza Mama Kimya, maana akikaa tu kwenye kiti na kuguswa utosi, usingizi ulimchukua. Alisema hufanya kazi ofisini, na hakuna aliyewahi kumuuliza ofisi gani. Siku hiyo Msusi alidhani anazungumza na mtu aliyelala. Alipofika kwenye chumvi na presha, akakiona kichwa kimekaza mikononi mwake.

"Wewe humpigia, au yeye ndiye anayepiga?" Mama Kimya akauliza bila kufumbua macho.

"Hupiga yeye. Kampuni hairuhusu simu kazini."

"Anapopiga huwa peke yake?"

"Namwona yeye tu."

"Amewahi kukuonyesha anapolala? Dirishani kuna nini?"

"Mama, mbona unaniuliza kama polisi?"

Mama Kimya akafumbua macho, akamtazama kwenye kioo. "Kwa sababu mimi ni polisi, dada yangu."

Akajieleza polepole, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado imesimama timutimu. Alikuwa inspekta kwenye kitengo cha kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Msusi aliyasikia maneno hayo kama tangazo la redio lisilomhusu. Kwake yeye, watu wa kusafirishwa kwa haramu walikuwa wale wanaofichwa chini ya turubai la lori, wakivushwa mpaka kama magunia.

"Ndugu yangu alipanda ndege," akasema. "Alikuwa na pasipoti yake. Nilimsindikiza mwenyewe, nikampiga picha amebeba begi."

"Wengi hupanda ndege. Hufungiwa wakishafika. Wananyang'anywa pasipoti, wanakalishwa kwenye kompyuta, wanalazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Asiyetaka anapigwa. Simu ya nyumbani inapigwa mbele ya msimamizi, ili ndugu watulie na vijana wengine watamani kwenda." Kisha Inspekta akauliza, "Ndugu yako nani alimpatia hiyo kazi?"

Vidole vya Msusi viliendelea kusuka vyenyewe. Mstari ukapinda, akauona umepinda, na hakuunyoosha.

"Mume wangu."

Inspekta hakushtuka, au kama alishtuka hakuonyesha. "Sijui mumeo anajua nini," akasema. "Huenda naye alidanganywa. Huenda hapana. Nakuomba usimwambie kitu kwanza."

"Unanitaka nimfiche mume wangu."

"Nakutaka unipe muda nijue."

"Na kama si kweli? Kama ulimi uliteleza tu?"

"Nitarudi hapa nikuombe radhi, na utanisuka upya huu mstari uliopinda."

Kuanzia hapo nyumba ile ile aliyoizoea ikaanza kumchanganya Msusi. Dalali alirudi jioni na mkate na mafuta ya taa, akauliza miguu yake inaendeleaje, maana kusimama kutwa kulikuwa kunamvimbisha. Akampashia maji ya kukandia. Msusi akawa anakitazama kisogo chake akiwaza, mtu anayenipashia maji anaweza kuwa amemuuza mdogo wangu? Halafu akajionea aibu kwa kuwaza. Halafu akaiona friji mpya pale pembeni, iliyokuja baada ya Kishada kuondoka, na aibu ikageuka kitu kingine asichoweza kukipa jina. Kila alichokishika kilikuwa na sura mbili. Kuna asubuhi alimimina chai kwenye kikombe akaimwaga, akamimina tena, bila kujua ya kwanza ilikuwa na kosa gani.

Alijaribu kufunga mdomo, lakini hakuweza kabisa. Siku moja wakiwa wanachambua maharage, akauliza kama mtu anayepiga soga, "Ukisikia neno baya kuhusu kampuni ile, ungefanya nini?"

Dalali alichambua maharage kadhaa kabla ya kujibu. "Usiulizeulize mambo ya kule. Kijana atakuwa salama kama sisi tutatulia."

Ndivyo alivyosema, kwa sauti ya chini, na macho hayakuinuka kwenye sinia. Msusi alikwenda na maneno hayo saluni, akayageuza na kuyageuza. Kama yalikuwa vitisho, mbona yalisemwa kwa woga? Kama yalikuwa woga, mume wake alimwogopa nani? Akampelekea Inspekta, naye Inspekta akasikiliza, akamwomba ayarudie neno kwa neno.

"Yana maana gani?" Msusi akauliza.

"Yana maana kwamba anajua kuna kitu. Zaidi ya hapo nitakuwa nabahatisha, na kazi yangu hairuhusu kubahatisha."

Akamfundisha namna ya kuzungumza na Kishada. Asimuulize kama yuko salama, wala asilie. Amuulize yale ambayo dada yeyote angeuliza, kuhusu mvua na usingizi, na amwache aseme mwenyewe. Chochote kitakachosikika nyuma ya sauti yake kitakuwa na faida.

Jumapili ikafika, simu ikalia. Ukuta mweupe, shati la kola. Jicho moja la Kishada lilikuwa limevimba kidogo, na kabla hajaulizwa alisema aligonga mlango wa kabati. Msusi akaisogeza simu karibu. Ndipo likamjia neno ambalo hakuna aliyemfundisha.

"Mama anakusalimia," akasema. "Amesema chumvi amepunguza."

Uso wa Kishada ulibaki vilevile, ila kifua chake kilipanda kikashuka mara moja, kwa nguvu.

"Mshukuru," akajibu.

"Anauliza, huko mvua inanyesha? Unalala vizuri?"

"Mwambie hainyeshi. Kulala nalala, ila treni inapita karibu sana, na ng'ambo ya barabara kuna kiwanda cha kupasua mbao, kelele kutwa. Mwambie mama asingepapenda hapa."

Hapo ndipo Msusi alipogundua kwamba Dalali amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja kumsalimia shemeji yake kama ilivyo desturi yake, jagi la maji likiwa mkononi, na alikuwa amesikia mama marehemu akitoa salamu. Mume na mke wakatazamana. Msusi alingoja aseme neno, aulize, aikwapue simu. Dalali akageuka akatoka nje. Mlango wa uani ukasikika ukifungwa taratibu.

Dalali hakumuuliza siku hiyo, wala kesho yake, wala baadaye. Walikula pamoja, walilala kitanda kimoja, na jambo lile likalala katikati yao. Msusi akangoja adhabu ya mdogo wake huko mbali, akisema moyoni, kama Dalali ni mtu wao, atakuwa ameshawaambia. Jumapili iliyofuata simu haikulia. Na iliyofuata haikulia. Akamkimbilia Inspekta, akamkuta ofisini katikati ya meza zilizojaa majalada na kikombe cha chai iliyopoa.

"Mmemuua," Msusi akasema. "Mlinifundisha maneno, sasa wamemuua."

Inspekta akamvutia kiti. Hakumwambia tulia. Alimweleza kwamba sauti za treni na za mashine ya mbao zimewafikia askari wa nchi ile, kwamba familia nyingine mbili nazo zilikuwa zimelalamika, kwamba nyumba waliyoishuku inachunguzwa, na kwamba polisi wa nchi moja hawezi kuingia nchi ya wenzake na kupiga teke mlango. "Najua unataka nikuambie yuko hai," akasema. "Sijui bado. Nikijua, utajua siku hiyo hiyo."

Alitimiza neno. Asubuhi moja alikuja nyumbani na askari wawili waliovaa kiraia. Msusi alikuwa anaanika taulo za saluni kwenye kamba.

"Kishada amepatikana," Inspekta akasema. "Wamevamia lile jengo leo alfajiri. Yuko hai, anatembea, yuko hospitali anaangaliwa. Wako wengi, karibu jengo zima." Kisha, bila kuachia nafasi, kwa sababu pengine aliona ni afadhali kusema yote pamoja, "Na tumekuja kumchukua mume wako."

Msusi alishikilia taulo lililolowa, maji yakimdondokea miguuni. Dalali alitokea ndani amevaa fulana. Alipowaona wageni hakuuliza wao ni nani. Aliomba avae viatu. Akakaa kwenye ngazi, akafunga kamba za kimoja, akafungua, akafunga upya.

"Wewe ulijua?" akamuuliza mkewe.

"Sijui nilijua nini," Msusi akajibu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kishada aliporudi nchini hakuletwa nyumbani. Alipelekwa kwenye nyumba salama, nyumba ya kawaida yenye geti la bluu na bustani ya mchicha, ambako afisa ustawi wa jamii alikuwa akiishi na watu waliookolewa mpaka wapate nguvu. Msusi alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Inspekta alipoingia, Kishada akasimama wima.

"Kaa, mwanangu," Inspekta akasema.

Akakaa. "Mtanifunga lini?"

"Nani kakuambia utafungwa?"

"Kule walituambia. Walisema polisi wakija, sisi ndio wahalifu, maana sisi ndio tuliotapeli. Na ni kweli. Nilijifanya mwanamke. Kuna mzee mmoja, mjane, nilimwita mpenzi wangu kila asubuhi. Aliniamini. Mimi nilifanya kwa mikono yangu hii."

"Ungekataa wangekufanya nini?"

Kishada aliinama. Aliteremsha soksi, akaonyesha kovu kwenye kifundo cha mguu, akaivuta tena juu.

"Sheria inamtazama aliyelazimishwa kwa jicho jingine," Inspekta akasema. "Hapa wewe si mtuhumiwa. Ukitaka kutoa ushahidi utakuwa shahidi. Usipotaka, utaendelea kulala hapa, na daktari atakuja, na chakula kitaletwa. Hivyo viwili havifungamani."

Ilibidi arudie mara kadhaa. Kishada alikuwa akimtazama Inspekta, halafu mlango, halafu dada yake, kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Afisa ustawi, kijana mnene mwenye sauti ya upole, akamwonyesha kwamba komeo la mlango wa chumba liko upande wa ndani. Kishada akalifunga, akalifungua, akalifunga. Hilo, kuliko maelezo yote ya sheria, lilionekana kumwingia.

Walipobaki wawili, Msusi akauliza lililomlaza macho.

"Shem wako alijua?"

Kishada alilitazama komeo la mlango. "Aliponipeleka, nadhani hakujua. Siku ya pili nilifanikiwa kuiba simu ya mtu nikampigia. Nilimwambia kila kitu. Alilia, dada. Nilimsikia kabisa akilia. Akaniambia vumilia, nitakutoa."

"Kwa hiyo alitaka kukutoa."

"Baada ya hapo walikuja vijana wengine wawili. Mmoja anatoka mtaa wa nyuma yetu, yule aliyekuwa akiosha magari. Alipoingia tu akaniona, akafurahi. Akasema, shemeji yako ndiye kanitafutia kazi."

Msusi alitaka kitu cha kushika. Alishika mkono wa mdogo wake, naye Kishada akauondoa, si kwa hasira, bali kwa sababu bado hakuweza kuguswa.

Kesi ilichukua muda. Siku ya kwanza Msusi aliingia mahakamani akasimama kati ya mabenchi asijue akae wapi. Upande mmoja walikaa ndugu wa Dalali, wifi zake wakimtazama kama mchawi. Upande wa pili walikaa wazazi wa yule mwosha magari, nao hawakumtazama kabisa. Karani akamwambia akae, anazuia njia. Akakaa nyuma karibu na mlango, peke yake, mkoba mapajani.

Kishada alitoa ushahidi akiwa nyuma ya pazia, ili asiwaone waliokuwa kizimbani, yaani shemeji yake na mawakala wawili wa kampuni waliokuwa wakimtuma Dalali kutafuta vijana. Sauti yake ilikatika, ikarudi. Dalali alipopewa nafasi, hakukana. Alisema baada ya simu ile aliwaambia mawakala anataka kuacha, nao wakamjibu kwamba akiacha, shemeji yake atarudi ndani ya sanduku. Ndiyo maana aliendelea. Alisema pia kwamba siku ile mlangoni alimsikia mkewe akimtaja marehemu, akaelewa kuna watu wanasikiliza, na hakumwambia mtu.

Hakimu alisema ameyasikia yote. Alisema pia kwamba mtu aliyetishwa alikuwa na kituo cha polisi mwendo mfupi kutoka kwake, na badala ya kwenda huko alikwenda kutafuta watoto wa watu wengine. Akamhukumu kifungo, pungufu ya walichopewa mawakala, lakini kirefu.

Kwenye korido Msusi alimshika Inspekta mkono. "Wewe umefanya kazi hii miaka. Niambie. Ni mtu mbaya, au ni mtu aliyeogopa?"

"Mimi nimejua alichofanya," Inspekta akasema. "Hicho nimekithibitisha. Alichokuwa nacho moyoni sikijui, na nikikuambia nakijua nitakuwa nakudanganya."

Msusi alitamani mtu amdanganye.

Kishada alihamia kwake baadaye, afisa ustawi alipoona ameanza kulala bila kushtuka. Afisa huyo na Inspekta walimpatia nafasi ya kujifunza ufundi wa umeme. Ya kompyuta aliikataa. Yule mwosha magari alirudi kazini kwake, na wazazi wake wakaanza kumsalimia Msusi, kwanza kwa kichwa, baadaye kwa mdomo. Wapo wateja waliohama saluni, na wapo waliohamia kwa umbea tu, wakasukwa vizuri, wakabaki.

Msusi alikaa muda mrefu bila kwenda gerezani. Siku alipoamua, alimwambia Kishada waziwazi, akiwa tayari amevaa. Kishada alikuwa ukumbini ameifungua pasi mbovu, skrubu zimetapakaa mezani.

"Nenda," akasema. "Ni mumeo. Usinipelekee salamu, wala usiniletee."

Dalali alikuwa amepungua, nywele zimenyolewa. Walikaa kwenye benchi, mlinzi akiwa pembeni. Msusi alikuwa amejipangia maneno mengi njiani, makali na mengine ya kusamehe, na alipomwona yote yakamtawanyika. Akamkabidhi sabuni na mswaki. Dalali akavipokea kwa mikono miwili, akaviweka mapajani.

"Anakula?" akauliza.

Msusi alimtazama usoni, akitafuta aliyeuliza ni nani, yule aliyelia kwenye simu au yule aliyempeleka mwosha magari. Hakuweza kuwatenganisha.

"Anakula," akamjibu. "Jana aliongeza."

Dalali akaitikia kwa kichwa taratibu. Mlinzi akasema muda bado upo, wanaweza kuendelea kuzungumza. Wakakaa pale, na hakuna aliyeinuka.